Tanuri la Mifupani

Jamani, kiburi cha fundi ni maradhi peke yake. Mwoka mikate mmoja, ambaye kwa miaka thelathini hakuwahi kuuza mkate usioiva, aliambiwa na daktari kwamba kipimo cha damu kimeonyesha chembe nyekundu changa nyingi mno. Chembe hizo hutengenezwa ndani ya mifupa, daktari akaeleza, na zake zilikuwa zinatoka kabla hazijakomaa.

"Zinatoka mbichi?"

"Ukipenda, sema hivyo. Sasa..."

Hiyo "sasa" hakuingoja. Alitoka ameinamisha kichwa kama mtu aliyefumaniwa. Mbichi! Yeye!

Alipofika nyumbani akavuta kigoda mpaka mbele ya tanuri, akapandisha suruali, akaielekeza miundi yake kwenye moto. Mali ikitoka mbichi, dawa yake ni moto, alijisemea, na hilo halihitaji shahada. Siku mbili alikaa hivyo, midomo imempauka, akiinuka tu anahema. Mkewe kila akipita na trei alimbinya goti. "Upande huo tayari, mume wangu. Geuka." Mteja mmoja akauliza huyu naye anauzwa shilingi ngapi. Watu wakacheka, naye akacheka, lakini moyoni alikuwa anaogopa kufa, tusifichane.

Siku ya tatu akadondoka juu ya magunia ya unga. Mkewe akamkokota hadi hospitali.

Daktari aliiangalia miundi iliyobabuka, akamtazama mke. Mke akatazama dari.

"Mzee," daktari akasema, "muokaji hutoa mkate kabla haujaiva wakati gani?"

"Mimi sijawahi!"

"Haya, wenzako?"

"Wakizidiwa. Kabati tupu, wateja wanagonga kaunta."

"Ndiyo hivyo. Tanuri lako la mifupani ni zima kabisa, tena linajituma kuliko kawaida. Lakini damu kabatini haionekani."

Mwoka mikate akapiga hesabu. Kama umeoka gunia zima na kabati bado tupu, huna haja ya kukagua tanuri. Unamtafuta mwizi. Na mlango anaotokea mwizi huyu aliujua yeye peke yake, na alikuwa ameufunika kwa aibu.

"Choo changu," akasema polepole, macho sakafuni, "ni cheusi kama lami. Mwezi wa pili huu. Zile dawa za maumivu ya mgongo, kwa siku nameza nane."

"Vidonda vya tumbo," daktari akasema, na tayari alikuwa anamwita muuguzi. "Umewahi. Tutakiziba hicho kinachovuja."

"Mwezi wa pili!" mkewe akapiga kelele. "Unavuja damu, na mimi nakugeuza motoni!" Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio. Akampiga begani mara mbili, kisha akalishika bega lile lile, na hata kitanda cha magurudumu kilipoletwa hakuliachia.