Sauti ya Landry Kutoka Bangkok

Kaseti ilifika Gasenyi Jumanne, na kufikia Alhamisi Dative alikuwa ameisikiliza mara tisa. Ilitoka kwa mchumba wake, Landry, aliyekuwa mwaka wa pili sasa Bangkok, akifunga marobota ya nguo za mfanyabiashara mmoja wa mtaa wa Buyenzi, huku nyumbani. Redio ya kaseti ilikuwa moja tu, ya Daphrose, mama yake Landry. Kwa hiyo Dative alisikiliza ameinamisha macho, kama inavyompasa msichana mbele ya mama mkwe.

"Huku treni inapita juu ya barabara, na chini yake watu wanauza supu," ilisema sauti. "Taa hazizimiki. Mbele ya jumba la orofa thelathini kuna kijumba kidogo juu ya nguzo, cha mizimu ya mahali pale. Kila asubuhi mlinzi anapeleka wali, maua na Fanta nyekundu. Ameshaifungua, ametia na mrija."

"Fanta!" Daphrose alicheka mpaka akajifuta machozi. "Mizimu ya huko imeendelea. Bibi yangu alikuwa na kijumba kama hicho nyuma ya nyumba, anawawekea wazee pombe ya mtama. Padri akamwambia abomoe. Kumbe angejenga orofa thelathini mbele yake, padri asingekiona!"

Dative alicheka kidogo, kiganja mdomoni. Alikuwa anangojea mwisho wa kaseti, ambao aliujua kwa moyo.

"Dative, wananipa mkataba wa miaka mitatu. Nisaini, ao nirudi? Sitaki barua tena. Ile uliyomwomba mwalimu Xavier akuandikie ilikuwa kama ya ofisi. Sema we mwenyewe, kwa mdomo wako. Hamissi akirudi bila sauti yako, nitasaini."

Hamissi ndiye aliyepeleka na kurudisha mizigo ya yule mfanyabiashara, na ndege yake ilikuwa kesho yake. Leo angepita kuchukua kaseti hiyo hiyo, maana nyingine haikuwepo. Upande wa pili Daphrose alikuwa ameshaujaza jana: "Baki huko, mwanangu. Hapa juzi tumelala chini ya kitanda kwa kuogopa risasi." Alisema hivyo Dative akiwa pale pale, na Dative akatikisa kichwa kukubali.

Ulibaki upande wa Landry. Kumjibu ni kumfuta.

"Bonyeza vitufe viwili pamoja, hicho chekundu na cha pembeni yake," Daphrose alisema, akabeba sinia lake. "Mi naenda nje kuchambua maharagwe. Masikio yangu yamezeeka, usiyaogope."

Dative akabonyeza. Maneno alikuwa ameyapanga: baki, mama amesema vema. Hayakutoka. Magurudumu ya kaseti yalizunguka, naye akanyamaza, mpaka akatambua kwamba ukimya wake ulikuwa unakula sauti ya Landry. Sasa treni imekwenda. Sasa wauza supu. Huko milimani bunduki ililia mara mbili, ikanyamaza. Miaka mitatu, aliwaza, nikimngoja ndani ya redio ya mtu mwingine.

"Landry," alisema. "Mi ni Dative. Mama anasema ubaki, na ana haki. Vita haijaisha. Lakini mi nakutaka hapa. Unione mubaya ukipenda. Rudi."

Alizima upesi, kama mtu aliyeungua. Honi ya Hamissi ikalia barabarani.

"Umeongea?" Daphrose aliuliza mlangoni.

"Nimeongea, mama."

"Umemwambia nini?"

Angeweza kusema ni salamu tu. Aliinua macho, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aposwe.

"Nimemwambia arudi."

Daphrose alizamisha mkono kwenye maharagwe ya sinia.

"Na wakimuua njiani?"

Dative aliitoa kaseti redioni. Honi ikalia tena.

"Mi sitaipeleka hiyo," Daphrose alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Lakini sitakushika. Nenda, Hamissi asikuache."

Dative alitoka mbio, kandambili moja ikabaki uani. Hamissi alinyoosha mkono dirishani.

"Ya mama hiyo?"

"Ya mama ni upande mmoja," alisema Dative, akihema. "Upande mwingine ni wangu."