Utumbo wa Papa Michée

Tangu mwaka ule kuhara kulipoingia nyumbani kwao mtaa wa Hewa Bora, Lydie alikuwa na neno moyoni. Yeye na watoto wote wanne walilala hoi siku tatu, wakitapika mpaka nyongo. Mumewe Michée peke yake alibaki mzima, akichota maji, akifua mashuka, akiwakorogea uji. Lydie alipopata nguvu hakumshukuru. Alimuuliza, "Weye ulikuwa unakulaka wapi?" Na kwa miaka ishirini na miwili hakuacha kuuliza, akiamini mumewe alikuwa akila kwa mwanamke mwingine.

Mwaka huu wote wawili walipopimwa tumbo kwa mpira wenye kamera, walikubali daktari achukue vinyofu vya utumbo, vidogo kama punje ya mchele, vipelekwe maabara ya Kasapa anakofanya kazi binti yao Abigaël. Huko vilitunzwa na kulishwa ndani ya visahani mpaka vikaota, vikawa vitumbo vidogo vyenye uhai. Abigaël akavitia kirusi cha kutapika na kuhara, kile kinachokataa kuota karibu popote ila ndani ya utumbo wa mtu.

Jumamosi asubuhi akawaita wazazi wake maabara.

"Mama, mu utumbo yako virus imezaana sana. Mu ya papa, hapana. Tumejaribu mara tatu."

"Juu ya nini?"

"Amezaliwa vile. Mu utumbo yake hamuna kitu hii virus inashikaka juu ya kuingia. Bantu bengine biko vile."

Lydie akainama kwenye hadubini. Aliona viduara vyepesi vilivyokunjamana, lakini mawazo yake yalikuwa kwenye mikono ya Michée, ilivyochubuka kwa sabuni mwaka ule. Uso ukamwaka moto.

"Papa Abigaël," alimwambia mumewe bila kugeuka, "kumbe ulikuwa unakulaka kwetu tu."

"Si nilikuambia?"

"Ulikuwa unaniambia ukicheka! Muntu anaapaka kiapo akicheka?"

"Wivu yako ilikuwa inanipendeza," Michée akasema. "Nilikuwa najiambia, huyu bibi ananipenda kweli."

Lydie akampiga kofi dogo begani, na mkono ukabaki palepale. "Pardon, bwana yangu. Na merci ya ile uji."

Michée akaufunika mkono ule kwa wake.

Walipofika mlangoni, Lydie akageuka kutazama kile kisahani chake.

"Abi, na ile utumbo yangu yenye kugonjwa, mutaipatia dawa?"

"Mama, njo ile dawa tunatafuta."

"Basi mutafute mbio," akasema Lydie.