Pampu ya Mama Malisho

Mwaka mzima Pelagia aliitwa Mama Malisho, na mwaka mzima aliitika. Akipita na beseni la sato sokoni Musoma, wanamwita. Akisimama kuimba kanisani Nyegina, waimba besi wanakohoa. Hata padri alipohubiri habari za mchungaji na kondoo wake, kwaya nzima ilimgeukia yeye, naye akatabasamu kama mtu aliyepewa pongezi. Watu wakasema mama yule ana moyo mzuri. Moyo wenyewe ulikuwa umekaa kimya unanoa kisu.

Jina hilo alipewa na Felisian, kijana wa besi, mwenye baiskeli ya gia na maneno mengi. Kila mwaka kwaya yao huendesha baiskeli kutoka Nyegina hadi Butiama kuimba na wenzao wa huko, na mwaka jana Felisian ndiye aliyebeba mfuko wa pancha. Tairi la Pelagia lilipoisha upepo njiani, alimwomba amsaidie. Felisian akaisukuma pampu mara mbili hewani, hata kushuka kwenye baiskeli hakushuka.

"Imekufa, mama. Jaza majani."

Pelagia akajaza majani ndani ya tairi kama wanavyofanya waliokwama porini. Aliingia Butiama wa mwisho, tairi linatema nyasi, ndama anamfuata nyuma akiokota. Felisian akambatiza jina palepale, mbele ya watu. Hilo angelisamehe. Lakini kugeuka, akamkuta kijana yuleyule amechuchumaa anamjazia upepo Sara, binti wa Butiama aliyekuwa anamtaka, kwa pampu ileile. Tsu, tsu, tsu.

"Si ulisema imekufa?"

"Imefufuka, mama. Huku kuna hewa nzuri."

Basi mwaka huu, kabla hawajaondoka, Pelagia alimwendea Magige, kiongozi wa kwaya.

"Mfuko wa pancha nipe mimi. Mimi huwaga nabaki nyuma kila mwaka, nitawaokota mtakaokwama."

Magige akaona wazo zuri. Mfuko ukafungwa kwenye keria ya Pelagia, viraka vipya, solusheni mpya kutoka Bunda, pampu nzima kabisa.

Walipopumzika Makutano kunywa chai, Felisian hakukaa. Alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi, maana siku hiyo shangazi zake Sara walikuwa wanamngojea wamwone mkwe. Pelagia akasafisha koo, akasema kwa sauti ya kumfikia kila mtu:

"Jamani, ile njia ya mkato ya nyuma ya kilima msipite. Inafupisha sana, kweli, lakini mimi ni mzaliwa wa huko. Msimu huu watu wanaburuta miiba kujengea mazizi. Njia yote ni sindano."

"Mama Malisho anaogopa miiba," alisema Felisian, akapanda baiskeli. "Tutakutana Butiama. Mimi nitakuwa nimeshakula."

Akakata kona kwenye njia ya mkato. Pelagia akamalizia chai yake taratibu.

"Magige, baba, si nimemkataza?"

"Umemkataza, tumesikia wote."

"Basi nimfuate. Mwenye mfuko hawezi kumwacha mtu."

Alipofika kwenye miiba alishuka, akaitia baiskeli begani, akatembea pembeni. Felisian alikuwa amekaa juu ya jiwe, tairi zote mbili zimelala kama ulimi wa mbwa.

"Mama, Mungu amekuleta. Nizibie. Shangazi zake Sara wananingoja."

Pelagia akamtazama. Shati lilikuwa limeloa jasho, na macho yalikuwa ya mtoto aliyepotea sokoni. Kuziba si kazi kubwa. Mkono wake ukafungua mfuko wenyewe, bila kumwuliza. Akaishika pampu, na huruma ikaanza kumpanda kifuani, jambo ambalo hakuwa amelipanga.

"Fanya haraka basi, Mama Malisho," alisema Felisian.

Huruma ikashuka ilikotoka.

Pelagia akaisukuma pampu hewani mara mbili, akaitikisa, akaiweka sikioni.

"Imekufa, mura," alisema. "Jaza majani."

Felisian akaitazama pampu. Maneno aliyajua, yalikuwa yake. Akainama kung'oa nyasi, na Pelagia, kwa kuwa ni mtu mwema, akamwonyesha zilipo zile laini ambazo ng'ombe wanazipenda.

Waliingia Butiama wakati mifugo inakwenda kunywa maji. Felisian alitangulia, tairi mbili zinatema nyasi, na nyuma yake dume moja jeusi limenyoosha shingo, linavuta majani kutoka kwenye gurudumu. Shangazi zake Sara walikuwa wamepanga viti mbele ya nyumba. Mkubwa wao, Nyangi, akaweka mkono juu ya macho.

"Sara, huyu ndiye mkwe? Mbona amekuja na malisho?"

Kwaya nzima, iliyokwisha kufika kwa njia kuu, ikalipokea neno hilo. Baba Malisho, karibu. Baba Malisho, lifunge dume lako. Sara alificha uso kwenye kanga, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Pelagia akaegesha baiskeli yake mahali ambapo Felisian angeona vizuri. Tairi zake zilikuwa ngumu kama jiwe, hazikuhitaji kitu. Akachuchumaa, akachomeka pampu. Tsu, tsu, tsu.

Felisian akamkodolea macho.

"Imefufuka, mwanangu," alisema Pelagia. "Huku kuna hewa nzuri."