Mikizi Waliokataa Kuvunda

Mwaka juzi mikizi wa Metwali, mfugaji wa samaki kule Kafr el-Sheikh, Misri, walipinda migongo kama ndoano. Daktari wa mifugo akamwambia chakula chao kimepungukiwa vitamini. Atie kijiko kimoja kwa kila gunia. Metwali akaona kijiko ni kipimo cha bahili. Akatia beseni.

Samaki wakanyooka. Wakanenepa. Wakaanza kuwafukuza nyangenyange bwawani.

Angefurahi, ila sikukuu ya Shamu Nasimu, siku ya kula samaki wa chumvi, ilikuwa mlangoni, na siku hiyo Hajati Tafida, mama wa mchumba wa bintiye Bahiga, angekuja kuonja fesikhi ya nyumba hiyo. Na fesikhi haina njia ya mkato: mkizi huanikwa mpaka avimbe na kunuka, ndipo azikwe kwenye pipa la chumvi. Hajati alikwisha kuvunja posa mbili za mwanawe kwa sababu ya fesikhi isiyonuka.

Metwali akaanika. Wiki nzima mikizi waling'aa tu. Nzi walitua, wakasikitika, wakaenda zao. Alipombonyeza mmoja, akakohoa.

"Baba, hawa wazima!"

"Watakufa tu, mwanangu. Chumvi haina mzaha."

"Na yule mama anavyonitisha…"

"Mvumilie. Mgonjwa yule, hana siku nyingi."

Akawatia pipani, akafunika, akaweka jiwe juu.

Sikukuu ikafika. Hajati akaingia na fimbo, mgongo umepinda, kikohozi kimetangulia.

"Fungua, Metwali, ninuse."

"Kwanza chai, Hajati."

"Chai kwetu ipo! Fungua!"

Jiwe lilipoondoka tu, mkizi akaruka, akamzaba Hajati kofi la mkia. Hajati akaachama kwa mshangao, na maji ya chumvi yakamshuka kooni, gu-gu-gu!

Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi. Metwali akaitafuta furaha yake, hakuiona. Posa imekwenda.

Hajati akalamba midomo. Kikohozi kikakatika. Mgongo ukalia ka-ka-ka, ukanyooka kama mlingoti. Akaitupa fimbo.

"Arusi Ijumaa hii! Na pipa naondoka nalo." Akajitwika kichwani, akatoka mbio.

"Umeona?" Metwali akacheka. "Posa imepona!"

"Na mama mkwe amepona, baba." Bahiga akanyoosha mkono. "Lete hilo gunia la vitamini. Mimi ndiye nitakayeishi naye."