Nafasi Tatu za Bosi

Nimesema mpaka koo limenikauka: kufunga dirisha si kutoka! Seva yetu inaingiza watu kumi kwa mpigo, basi. Ukifunga dirisha tu ukaenda zako, jina lako linabaki limekalia nafasi kule ndani, na mwenzako anasota nje. Lakini bosi wetu haambiliki. Amelazimisha nimpe majina matatu ya kuingilia, la ofisini, la nyumbani na la safarini, na yote anayaacha wazi.

Asubuhi moja akaja mezani kwangu amefura.

"Seva imejaa. Toa mtu."

Nikamfungulia orodha. "Hawa watatu wote ni wewe, bosi. Nitoe yupi?"

"Zangu usiguse, nimeacha kazi wazi. Huyu je? Muda wote huu hajagusa kitu."

Huyo alikuwa Mama Pacha, mdogo wangu wa tumbo moja, anayepanga zamu za madereva wetu wa mabasi. Wanawe wamezaliwa njiti, na daktari kakataza wasiachwe hata kidogo. Bosi alimruhusu afanyie kazi nyumbani kwa sharti moja: ratiba ya mwezi ifike leo kabla ya saa sita, la sivyo kesho arudi ofisini au aache kazi. Na hiyo programu yetu ya zamu, punguani kabisa, haihifadhi kitu mpaka kila basi lipate dereva.

"Ananyonyesha," nikasema. "Ukimtoa sasa, kazi yake yote inapotea. Mimi simtoi."

"Humtoi?" Akaninyang'anya kipanya, akabonyeza mwenyewe.

Na haraka yote hiyo ya nini? Kuchagua rangi ya viti vya basi jipya!

Simu yangu ikalia. Nikaiweka kwenye spika makusudi.

"Dada, kila kitu kimepotea! Nilibakiza basi moja tu!"

Bosi akaiinamia simu. "Pole, mama. Mtandao umekatika. Ila makubaliano ni makubaliano."

"Muongo mkubwa!" Nikapiga meza. "Mtandao mzima kabisa! Kakutoa yeye, kwa mkono wake, na nilimwambia!"

Mdogo wangu akasema, taratibu, "Haya. Si anataka nirudi ofisini? Nakuja sasa hivi."

Akaja kweli, pacha mmoja kifuani, mwingine mikononi mwa mumewe. Hakusalimia mtu. Akapitiliza hadi ofisini kwa bosi, nami nyuma yake, akawalaza wanawe juu ya meza, kwenye vitambaa vya sampuli za viti.

"Napanga zamu upya, bosi. Utawaangalia wewe. Huyu mdogo huwa anasahau kupumua. Ukiona kifua kimetulia, msugue nyayo mpaka alie. Usimwondolee macho."

Bosi akanitazama, kisha akakitazama kifua cha yule mdogo. Nikamvutia kiti.