Hodi Kutoka Ndani ya Seva

Kabla hakujapambazuka, mfuniko wa sufuria ulianza kutetemeka rafuni, na Yuliana akajua kwamba watu wa kampuni kule Dar wameiwasha seva. Mashine ile ilikaa katika chumba chake cha nyuma, alikokuwa akianikia mdalasini zamani, nayo ndiyo iliyopeleka mtandao kwenye zahanati na shule ya Kinole. Kuwashwa, kuzimwa, hata kuwekewa programu mpya, yote yalifanyika kutoka mbali.

Alibandika uji.

"Hodi, mama," Deogratias aliita kutoka ndani ya seva.

"Karibu, baba."

Mwanawe akatoka, akajipangusa vumbi mabegani. Tangu afe, alikuja hivyo kila walipoiwasha. Alimsogezea mama yake kigoda karibu na moto, akampoozea uji wake kwanza, ndipo akamimina wa kwake.

Alikuwa fundi wa kampuni hiyohiyo. Siku ile, kabla ya kuifungua mashine, aliwapigia simu wakate umeme, maana swichi nayo iko kwao. Wakaukata. Kisha mtu akaurudisha bila kuuliza kama fundi ameshatoa mikono. Kampuni ilisema mitambo yake haikuonyesha hitilafu yoyote.

Kinole mtu haingii hata banda la kuku la jirani bila kupiga hodi. Yuliana aliwaomba hilo tu: wapige hodi kabla ya kuwasha. Walimjibu kwamba mfumo hauna sehemu hiyo.

Simu ikalia. Alikuwa Halidi wa ofisini, kijana mwenye adabu, ambaye hakusahau hata mara moja kumuulizia goti lake.

"Shikamoo, bibi. Goti linasemaje?"

"Marahaba. Linalalamika kunizidi mimi. Mbona alfajiri yote hii?"

"Leo tunaweka programu mpya, bibi. Ya zamani ina kasoro. Inasema kuna mtu ndani."

"Ni mwanangu."

"Najua, bibi. Ndiyo kasoro yenyewe."

"Waambie wakubwa zako wangoje kwanza amalize uji."

"Inajiendesha yenyewe, bibi. Imeshaanza."

Pale jikoni Deogratias alikuwa akisimulia walivyokuwa wakishusha mananasi sokoni alipokuwa mdogo. Akasahau jina la soko. Akasahau mananasi. Alipomaliza uji alikiosha kikombe, akakifudikiza, kama mama yake alivyomfundisha.

"Shikamoo, bibi," alisema. "Asante kwa uji. Nilikuwa napita tu."

"Marahaba," Yuliana akaitikia. Akamfungia ndizi mbivu katika jani la mgomba, kama anavyofungiwa mgeni yeyote.

Taa ya seva ikawa ya kijani. Ujumbe ukaingia kwenye simu kwamba kila kitu kiko sawa.

Deogratias aliingiza mguu mmoja ndani ya mashine, akasita, kama mtu asiye na hakika na njia.

"Ni hapohapo," Yuliana alimwambia. "Uje tena, baba. Hata usipokumbuka kupiga hodi, wewe ingia tu."