Maji Matamu ya Kambini

Nje ya ofisi ya Daktari Namalwa, hapo Milimani, wazee waliokuwa wanajeshi walikaa kwenye benchi, kila mmoja ameshika ubavu wa kushoto. Hakuna aliyewaamuru.

Nikamnong'oneza Baba, "Kwani gwaride halijaisha?"

"Nyamaza, Jepkemei." Mkono wake pia ulikuwa palepale.

Baba, Sajenti Kosgei mstaafu, ana saratani ya figo. Amezunguka sana akitafuta daktari wa kusema kwamba chanzo ni maji ya kambini. Bila neno hilo jeshi halilipi, matibabu ni juu yake. Kisima chenyewe kilikuwa karibu na gereji ya malori, mahali dawa ya kusafishia injini ilimwagwa ovyo. Maji yalikuwa matamu, yakinukia kidogo kama rangi ya kucha. Tangi halikuota ukungu, wala chura hakuonekana. Wao wakaona ni usafi. Na vile maji mengi ya huku kwetu hugeuza meno kahawia, aliyekunywa ya kambini meno yalibaki meupe, akaonewa wivu.

"Chura alikataa kujiandikisha," nikamwambia daktari tulipoingia.

Hakucheka. "Mzee, nimewaona wenzako, na kisima kilishapimwa, kikakutwa na sumu. Nitaandika kwamba, kwa maoni yangu, maji yale ndiyo yaliyokuletea ugonjwa huu."

Baba alifumba macho. Nilidhani analia, kumbe anatabasamu.

Basi mdomo wangu nao. "Hata mimi ni mwanajeshi, ni vile sina sare. Kila likizo si ulituletea mtungi wa maji hayo nyumbani Rhonda, Baba? Meno ya msichana yasiharibike."

Tabasamu likakaa pale usoni, lakini yeye alikuwa ameshatoka ndani yake.

"Daktari," akasema, "usiandike."

"Mzee?"

"Si maji. Na kama si maji, huyu hana shida. Ama?"

Daktari akaweka kalamu chini. "Jepkemei, panda kitandani, dada."

"Nitoe viatu ama buti zinaruhusiwa?"

Akavuta pazia. Vidole vyake vilikuwa baridi. Akanibonyeza ubavu wa kushoto, akaniambia nivute pumzi, akabonyeza tena palepale. Mkono haukuondoka. Kule nje, kikohozi cha wazee wa benchi kilikatika chote kwa pamoja, kama watu wanaosikiliza.

Ndipo sauti ya Baba ikaja kupitia pazia, kavu, ya kutoa ripoti kwa mkubwa.

"Ni sigara, daktari. Nilivuta sana. Andika sigara."

Baba hajawahi kuvuta hata moja.